Gemu imezaliwa kwingine ikalelewa hapa, kwenye listi tuihesabu vipi?

Kila nikikaa kupanga listi ya gemu bora za konsoli fulani nakwama sehemu ile ile, na sio kwenye namba moja maana namba moja huwa inajijua yenyewe. Nakwama kwenye Mario Kart 8 Deluxe. Hii gemu ilitoka Mei 2014 kwenye Wii U, mashine ambayo maisha yake yote iliuza kama milioni 13 na nusu tu, alafu Aprili 2017 ikahamishiwa Switch ikiwa imebandikwa neno Deluxe mwishoni na huko ikauza zaidi ya kopi milioni 60, hamna gemu nyingine ya Switch iliyoifikia. Sasa niambie, hii ni gemu ya Switch au ni gemu ya Wii U iliyopata mlezi mwenye hela? Ukiiweka tano bora yupo atakayesema umechakachua listi, ukiitoa yupo atakayekuuliza kama hiyo Switch umewahi kuishika kweli au unaionaga kwenye picha.

Nimebishana hili na washkaji miaka mingi na nilichokuja kugundua ni kwamba mara nyingi hata hatubishanii kitu kimoja. Mmoja anajibu swali la kabati, yani mtu akiwa na hii mashine leo, kabati lake la gemu lina nini cha maana cha kucheza? Mwingine anajibu swali la uzazi, yani hii mashine imezaa nini, kitu gani kisingekuwepo duniani kama yenyewe isingekuwepo? Kwenye swali la kabati Mario Kart 8 Deluxe inaingia bila kupiga hodi. Kwenye swali la uzazi inabaki nje, mama yake anajulikana. Yote mawili ni maswali halali kabisa, shida inaanza mtu anapoyachanganya ndani ya listi moja, gemu anayoipenda anaipima kwa kabati na ile asiyoipenda anaipima kwa uzazi, alafu anashangaa kwanini watu hawamwelewi.

Kuna wanaosema suluhisho ni rahisi, poti zote (gemu zilizohamishwa toka mashine nyingine) nje, ihesabiwe gemu iliyotoka hapo kwanza basi. Mcheza kwao hutunzwa. Nilikuwa kwenye hilo kundi mwanzoni na nikalihama siku nilipojaribu kupanga listi ya PlayStation Vita. Gemu ambayo karibu kila aliyekuwa na Vita ataitaja kwanza ni Persona 4 Golden ya 2012, na hiyo ni toleo lililoongezewa vitu la Persona 4 iliyotoka PS2 mwaka 2008. Ukiitoa kwa sababu ya sheria yako unabaki na listi ya Vita ambayo wenye Vita wenyewe hawaitambui. Na sheria yenyewe inavunjika zaidi ukifika kwa Breath of the Wild, ambayo ilianza kutengenezwa kwa ajili ya Wii U ikaja kutoka siku moja kwenye mashine zote mbili, tarehe 3 Machi 2017. Hapo nani mama nani mlezi? Kama unataka kuwa mkali hadi mwisho inabidi useme gemu iliyoitambulisha Switch duniani sio ya Switch, na sijamuona bado mtu mwenye ujasiri huo.

Upande wa pili nao una balaa lake. Ukisema kila kinachowaka kwenye mashine kihesabiwe sawa, Resident Evil 4 ya 2005 itakaa kumi bora ya GameCube, ya PS2, ya Wii na karibu kila mashine iliyofuata maana imepelekwa kila mahali, na Skyrim itaifuata nyuma nyuma. Listi ya kila konsoli itaanza kufanana na listi ya konsoli iliyopita na hapo unajiuliza kuna haja gani ya kuandika mbili.

Mi nimeishia katikati, na katikati hapo kuna msemo wetu wa siku nyingi: kuzaa si kazi, kazi kulea. Poti naihesabu, ila haiingii kwenye listi kwa sifa za mzazi. Inaingia kwa malezi iliyopata hapa. Swali langu linakuwa sio "hii gemu ni nzuri kiasi gani" bali "hii mashine imeifanyia nini hii gemu". Nguo ya kuazima haisitiri kila kitu, na poti nyingi zinatembea na sifa za kuazima, watu wanakumbuka walivyoipenda miaka ile wanaipa tisa juu ya kumi kabla hata hawajaangalia kilicho mbele yao.

Kabla ya kwenda mbali tuweke sawa majina kidogo, kidogo tu maana yenyewe hayasaidii sana. Poti ni gemu ile ile imehamishwa ifanye kazi kwenye mashine nyingine. Rimasta ni gemu ile ile imesafishwa, picha zimeongezwa ukali, sauti imeguswa, labda menyu zimepangwa upya. Rimeki ni gemu imejengwa tena toka chini kwa kufuata ya kwanza kama ramani. Hayo ni kwenye karatasi. Kwenye boksi wanaandika wanachotaka. Oblivion Remastered iliyotoka Aprili 2025 inajiita rimasta, ila picha zake zote zinachorwa na Unreal Engine 5 huku mambo ya ndani, sheria za gemu na akili za wahusika, bado yanaendeshwa na ile injini ya zamani ya 2006, kwahiyo usoni ni rimeki moyoni ni poti na jina lake ni rimasta. The Last of Us yenyewe imeanza PS3 mwaka 2013, ikaja rimasta PS4 mwaka 2014, alafu 2022 ikajengwa tena kwa PS5 ikaitwa Part I, jina ambalo halikwambii chochote. Ndo maana nimeacha kusoma jina, naangalia nini kimeguswa na nini kimeachwa.

Na hapa ndo penye utamu, maana watu wengi wakisikia rimasta wanawaza resolusheni na fremu basi, picha kali zaidi na mwendo laini zaidi, namba ikipanda ndo ubora umepanda. Haiendi hivyo. Gemu ya zamani imeshikana na mashine yake kama mti na udongo, ukiung'oa unaondoka na mizizi ambayo hata aliyeupanda alikuwa haijui.

Chukua fremu. Kutoka fremu 30 kwa sekunde kwenda 60 kila mtu anapiga makofi, na mara nyingi kweli ni raha. Lakini gemu nyingi saa yake ya ndani imefungwa kwenye fremu, yani kompyuta haihesabu sekunde inahesabu picha. Dark Souls II ilipochezwa kwa fremu 60 silaha zilikuwa zinachakaa kwa kasi mara mbili ya ilivyokuwa kwa fremu 30, maana kila picha upanga ukiwa umegusa kitu ilikuwa inakata kidogo, na picha zikiwa mara mbili makato nayo ni mara mbili. Watu walicheza hivyo muda mrefu mpaka ikarekebishwa mwaka 2015. Sasa hiyo ni gemu ile ile? Kwa macho ndio, ni nzuri zaidi. Kwa mkono unacheza gemu ngumu zaidi ambayo hakuna aliyeipanga iwe hivyo.

Au mwendo uende upande wa chini. Mwaka 2018 ilitoka PlayStation Classic, ile konsoli ndogo yenye gemu 20 za zamani ndani, na gemu 9 kati ya hizo zilikuwa matoleo ya Ulaya yaliyotengenezwa kwa tivii za 50 Hz, yani zinazobadili picha mara 50 kwa sekunde badala ya 60. Tofauti ya 50 na 60 ukiisoma haitishi, ila ukicheza Tekken 3 ambayo vidole vyako vinaijua toka utotoni unahisi kabisa kuna mtu ameshika breki. Kwenye listi ya gemu Tekken 3 ni dhahabu. Kwenye hiyo mashine ni dhahabu iliyolowa.

Alafu kuna ukungu. Silent Hill ya kwanza ilijaa ukungu kwa sababu PS1 ilikuwa haiwezi kuchora mbali, wakaufanya udhaifu kuwa ndo roho ya gemu, na ukungu ukaendelea kwenye ya pili na ya tatu kwa sababu tayari ulishakuwa lugha ya mji ule. Mwaka 2012 ikatoka Silent Hill HD Collection, gemu ya pili na ya tatu kwa pamoja, na waliopewa kazi walikabidhiwa kodi ya gemu isiyo ya mwisho, yani maandishi ya programu (sio kodi ya nyumba) ya hatua za kati kabla gemu haijamalizika, maana ya mwisho ilikuwa haipo tena. Matokeo yake bagi, yani makosa ya programu, zilizokwisha kuuliwa zikafufuka na ukungu ukawa mwepesi, kuna sehemu unaona kabisa maji yanapoishia, ukingo umenyooka kama meza. Resolusheni ilipanda. Hofu ilishuka. Hiyo kwangu ni rimasta ambayo imepunguza gemu, na kwenye listi ya PS3 siiweki hata kama Silent Hill 2 yenyewe naiweka kwenye gemu kumi za maisha yangu.

Hili la kodi kupotea watu wanalichukulia poa ila lipo sana. Kingdom Hearts ya 2002 ilipotaka kufanyiwa HD kwa PS3, kazi iliyotoka 2013, waligundua malighafi ya mwanzo imepotea ikabidi wajenge upya vitu kwa kuichambua ile gemu iliyouzwa dukani. Na ilitoka vizuri! Ndo maana nasema malezi. Wawili wote wamekuta nyumba haina nyaraka, mmoja kakaa chini kajenga upya, mwingine kapaka rangi juu ya ufa.

Picha za zamani zina siri nyingine pia. Kwenye Sonic ya kwanza ya Mega Drive, 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari myembamba ya wima, mmoja upo mmoja haupo, mmoja upo mmoja haupo. Kwenye tivii za kioo kikubwa za enzi zile, kwa waya wa kawaida, mistari ilikuwa inavuja rangi inachanganyika na macho yanaona maji unayoweza kuona nyuma yake. Ukiileta kwenye skrini ya kisasa kali kama wembe unaona mistari mitupu kama pazia la wavu. Hakuna aliyeharibu kitu, picha ni ile ile nukta kwa nukta, lakini mchoraji hakukusudia uone hivyo. Kwahiyo poti inayokupa chaguo la kuiga tivii ya zamani, na imeliweka kwa umakini sio kwa kubandika mistari myeusi tu juu, mi naipa maksi. Wanaoona ni urembo waendelee kuona hivyo.

Kuna kosa dogo dogo ambalo huwezi kuliona kwenye trela hata kidogo, lipo kwenye vidole. Crash Bandicoot N. Sane Trilogy ya 2017 inaonekana kama katuni mpya, kila kitu kimejengwa upya, ila umbo lisiloonekana linalomzunguka Crash, lile ambalo gemu inatumia kujua kama amekanyaga au hajakanyaga, limekuwa la mviringo kama kidonge, hivyo ukitua ukingoni mwa jiwe unateleza unaanguka wakati ile ya 1996 ungesimama. Waliokuwa wanajua ile ya zamani kwa moyo walidhani wamezeeka. Hawajazeeka, jiwe ndo limekuwa na sabuni. Mi bado naipenda hii rimeki na naiweka kwenye listi ya PS4, ila nimeishusha nafasi kadhaa kwa hilo jambo moja tu, na sioni aibu, gemu ya kuruka ikikosea kwenye kuruka imekosea kwenye kazi yake.

Na ya kuchekesha kuliko zote ni Twilight Princess, moja ya gemu za Zelda. Ilitengenezwa kwa GameCube, Link, shujaa unayemchezesha, akiwa anatumia mkono wa kushoto kama kawaida yake. Ikaja toleo la Wii mwaka 2006 ambapo unazungusha upanga kwa kurusha kontrola, na watu wengi wanatumia mkono wa kulia, kwahiyo badala ya kumbadilisha Link peke yake wakageuza dunia nzima kama kwenye kioo. Kulia ikawa kushoto, mashariki ikawa magharibi. Wakati wa toleo la HD la Wii U mwaka 2016 wakarudisha ilivyokuwa GameCube. Kwahiyo mtu aliyeijua ramani ya Wii akicheza ya Wii U anapotea kwenye mji anaoufahamu. Ukiniuliza ipi ya kweli nitakwambia ya GameCube, ukiniuliza ipi naiweka juu kwenye listi ya mashine yake nitakwambia ya Wii, maana ilitoka nayo siku ya kwanza na ndo ilifundisha watu wengi Zelda inashikwaje na ile kontrola. Unaona hapo uzazi na malezi vimegombana na malezi yameshinda.

Sasa tuje kwenye mabadiliko ya kukusudia, pale ambapo waliorudi kwenye gemu wameamua kurekebisha muundo wenyewe. Huwa nafurahi na naogopa kwa wakati mmoja. Ocarina of Time, Zelda nyingine, ilipoletwa 3DS mwaka 2011 ilitoka fremu 20 kwenda 30, ila kitu kilichobadilisha maisha ni viatu vya chuma. Kwenye N64 mwaka 1998 ile Water Temple, hekalu la maji, ilichukiwa sio kwa sababu fumbo ni baya, ilichukiwa kwa sababu kila ukitaka kuzama inabidi usimamishe gemu, ufungue menyu, uvae viatu, urudi, alafu ukitaka kuelea ufanye tena yote hayo, mara mia. Kwenye 3DS viatu vimekuwa kitu cha kubonyeza tu, na kuta zimewekwa mistari ya rangi ikuoneshe wapi pa kubadilisha maji. Hapo wameondoa kero wakaacha fumbo. Ndo malezi bora ninayoyajua.

Alafu timu hiyo hiyo, mashine hiyo hiyo, mwaka 2015 wakaleta Majora's Mask 3D na kuogelea kwa umbo la Zora, kitu kilichokuwa raha kuliko vyote kwenye ile ya 2000, unakata maji kama pomboo bila kikomo, wakaamua sasa kwenda kwa kasi kule kule kunatumia majiki, nguvu za uchawi zinazopungua ukizitumia. Ukiishiwa unaogelea kama mtu anayetafuta funguo chini ya maji. Nani aliomba hiki kitu? Sijawahi kukutana na aliyeomba. Kwahiyo usinipimie poti kwa jina la studio au kwa kwamba ya mwisho walifanya vizuri, kila moja ina kesi yake.

Kwa upande wa The Wind Waker HD ya 2013 waliongeza tanga la kasi na wakapunguza ile kazi ndefu ya kutafuta vipande vya Triforce baharini, na nafikiri hiyo sasa ndo namna ya kuicheza. Skyward Sword HD ya 2021 ilimnyamazisha Fi, yule msaidizi wako aliyekuwa anakukatiza kila dakika, ikaleta kucheza kwa vitufe bila kurusha mkono, vyote vizuri, alafu njia ya kupanda angani na kushuka kutoka popote wakaifungia ndani ya amiibo, kisanamu cha kugusisha kwenye konsoli kinachouzwa peke yake. Yani dawa ipo, ila imewekwa kwenye kabati la mtu mwingine. Hiyo naikata maksi bila huruma, na sio kwa sababu ya hela, ni kwa sababu wamekiri tatizo lipo.

Kuna upande ambao hausifiwi inavyostahili, nao ni kazi ya kuibana gemu kubwa iingie mashine ndogo. The Witcher 3 ilipoletwa Switch mwaka 2019, gemu nzima na nyongeza zake zote kwenye kadi ya GB 32, ukiilinganisha na ya PS4 pembeni kwa pembeni inaonekana kama umeivua miwani. Lakini usione vyaelea vimeundwa, ile kuwepo tu pale, dunia yote ile kwenye mashine unayoishika mikononi umelala, ni ufundi. Je inaingia listi ya gemu bora za Switch? Hapa mi na rafiki yangu mmoja hatujawahi kukubaliana. Yeye anasema poti dhaifu kuliko zote haiwezi kuwa bora ya kitu chochote. Mi nasema mashine hiyo inatoa kitu kimoja ambacho nyingine enzi ile zilikuwa hazitoi, kubebeka, na gemu ndefu ya masaa mia ndo inafaidika nacho kuliko gemu yoyote. Naiweka, ila nje ya kumi bora. Na Resident Evil 4 ya Wii ya 2007 naiweka juu zaidi kwa hoja hiyo hiyo, kulenga kwa kuelekeza mkono kulibadilisha hisia nzima ya kupiga risasi, wakati ya PS2 ya Oktoba 2005 ilipungua mwonekano ila ikaja na Separate Ways, hadithi nzima ya Ada ambayo GameCube haikuwa nayo. Gemu moja, walezi watatu, kila mmoja kampa kitu ambacho mwenzake hana. Ukiwa na mfano kama huu huwezi tena kusema poti ni kopi.

Mabaya nayo tuyataje haraka. GTA: The Trilogy, The Definitive Edition ya Novemba 2021 ilitoka na mvua ambayo huoni mbele, sura za watu zimeumuka, mabango mengine maandishi yamekosewa, na matoleo ya zamani ya kompyuta yakaondolewa sokoni kwa muda, mpaka Rockstar, wenye gemu, wakaomba radhi wakayarudisha. Mwaka 2024 ikapata apdeti kubwa iliyorudisha mwanga unaofanana na wa zamani na sa hivi inachezeka. Basi hapa linakuja swali la tarehe: unapima gemu ya siku iliyotoka au ya leo? Kama listi yako ni ya kabati pima ya leo, ndo mtu atakayoikuta. Ila andika ulipima lini, mstari mmoja tu, utapunguza ugomvi nusu. Lile la kuondoa ya zamani kwangu lina uzito wa peke yake, rimasta mbaya ikikaa pembeni ya ya zamani ni hasara ya aliyeinunua, ila ikiifukuza ya zamani nyumbani ni hasara ya kila mtu.

Makusanyo yanasumbua pia. Super Mario 3D All-Stars iliuzwa kuanzia Septemba 2020 hadi tarehe 31 Machi 2021 tu, ndani yake kuna Mario 64, Sunshine na Galaxy. Hizo ni gemu tatu kwenye listi au moja? Mi nahesabu moja, na naipima kama kitu kimoja: zimeguswa kiasi gani, zimepangwa vipi, unapata nini zaidi ya gemu zenyewe. Gemu tatu za ajabu, malezi ya wastani, mlango uliofungwa baada ya miezi sita. Iliishia nafasi ya chini kuliko gemu yoyote kati ya hizo tatu kwenye konsoli yake ya kuzaliwa, na kuna watu hilo liliwaudhi sana.

Nikirudi sasa kwa Mario Kart 8 Deluxe. Wakati wa Switch walileta viwanja halisi vya vita, kitu ambacho cha Wii U kilikuwa aibu maana mlikuwa mnapigana kwenye njia za mashindano mnatafutana, wakaturuhusu kubeba vitu viwili kwa pamoja, na kati ya 2022 na 2023 wakaongeza njia 48 zikafika 96. Njia nusu ya gemu hazijawahi kuwepo Wii U. Huyo mtoto kalelewa, tena kalelewa hadi kampita mzazi, kwahiyo kwangu ni ya nne na simwombi mtu samahani. Donkey Kong Country: Tropical Freeze, 2014 Wii U na 2018 Switch, naipenda zaidi kama gemu ila iliguswa kidogo sana, Funky Mode na vitu vichache, ipo ya kumi na mbili. GTA V ya PS5 sijaiweka popote, ni safari ya tatu ya gemu ambayo tayari iling'aa PS3, na ile ya PS4 angalau ilileta kucheza kwa macho ya mhusika mwenyewe.

Inayonisumbua ni Metroid Prime Remastered ya Februari 2023. Imepakwa upya kila sehemu, ina namna kadhaa za kuishika ikiwemo ile ya zamani kwa anayeitaka, inakimbia fremu 60 kama ilivyokuwa GameCube mwaka 2002, na siwezi kukuonesha kitu kimoja walichoharibu ndani ya gemu. Walichokosea kipo nje, kwenye majina ya mwisho, waliotengeneza ile ya kwanza hawakutajwa mmoja mmoja kwa majina na baadhi yao walilalamika hadharani, na haki yao. Nimeiweka ya tano kwenye Switch. Alafu mtu akaniuliza, kama hii ni bora kuliko ya zamani kwa kila kipimo, si inabidi ya zamani uishushe kule kwenye GameCube? Nilikaa nalo hilo swali wiki nzima. Sijaishusha. Kule inapimwa na wenzake wa kabati lile, kwa kile mashine ile iliweza kufanya mwaka ule, na kule bado ni ya pili, nyuma ya Resident Evil 4.